Faiwoli kwenye Linux ya nyumbani: uiache ilivyo, au uwashe ipi?

Ukiuliza watu wanaotumia mfumo wa Linux kama kompyuta ya nyumbani inahitaji faiwoli, yaani kichujio cha kinachoingia na kutoka kupitia mtandao, utapata majibu mawili yanayogombana. La kwanza: haina haja, ruta imeshakukinga na Linux yenyewe haifungui poti (milango ya mtandao) ovyo. La pili: iwashe leo leo, haikugharimu kitu. Wanaojibu hivyo wote wanajua wanachosema. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu akiwa na nyumba yake kichwani, na nyumba hiyo huenda haifanani na yako.

Hoja ya ruta inachukulia kwamba nyumba ina familia moja na nywila ya waifai haitoki nje ya familia hiyo. Tanga nyumba za namna hiyo zipo, hasa ukielekea Raskazone kwenye ukuta na geti. Njoo Ngamiani sasa. Nyumba moja ina wapangaji watano au sita, waifai ni moja, mmoja kalipia na wengine wanamchangia, na nywila anaijua mpaka kijana wa nyumba ya pili anayekuja kukaa barazani jioni. Makorora utamkuta ambaye intaneti yake ya nyumbani ni hotspoti ya simu, bando likiisha na nyumba imekatika. Mwingine anachomeka modemu kwenye USB, na huyo huenda hana hata ruta ya kuitegemea. Hawa wote ni watumiaji wa nyumbani. Kuwapa jibu moja ni kuwaonea.

Unachochagua hasa

Faiwoli ya Linux si kitu cha kununua. Imo ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, katika sehemu iitwayo Netfilter, iliyoingia na keneli 2.4 mwaka 2001. Kwa miaka mingi iliendeshwa kwa amri za iptables, kisha mwaka 2014 keneli 3.13 ikaja na nftables. Majina mengine utakayoyasikia, kama ufw, Gufw na firewalld, ni mipini ya kushikia kitu hichohicho. Kwa hiyo suala la "itanifanyia mashine nzito" tulimalize hapahapa: kwa matumizi ya nyumbani hutaona tofauti, hata kwenye laptopu ya mtumba.

Na usidhani hujachagua bado. Waliotengeneza mfumo wako wameshakuchagulia. Kati ya matoleo ya Linux, Ubuntu na Linux Mint zinakuja na ufw ndani, lakini imezimwa. Fedora na openSUSE zinakuja na firewalld ikiwa imewashwa. Debian haikuwekei kanuni yoyote, unaanza na ukurasa mtupu.

Kabla ya kuchagua, tazama kinachosikiliza

Faiwoli ya kompyuta inalinda poti ambazo kuna programu inasikiliza nyuma yake. Pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) ikifika kwenye poti isiyo na programu, keneli yenyewe hujibu kwamba hapa hapana mtu, na mambo yanaishia hapo. Hii ndiyo nguvu ya hoja ya wasiotaka faiwoli, na ni hoja ya haki. Basi usibishane, angalia. Fungua dirisha la amri uandike:

`sudo ss -tulpn`

Neno sudo linaipa amri mamlaka ya msimamizi. Tazama safu ya tano. Anwani ikianza na 127. au [::1], programu hiyo inaongea na kompyuta yako peke yake, wa nje haifikii. Ikianza na 0.0.0.0, nyota, au [::], inamsikiliza yeyote aliye kwenye mtandao. Ubuntu mpya ambayo haijachezewa ina vichache: 127.0.0.53 inayotafuta majina ya tovuti, poti 631 ya CUPS kwa ajili ya kuchapa, nayo imejifungia kwenye 127.0.0.1, na 5353 ya Avahi inayotafuta printa na vifaa vya jirani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosikiliza mtandao mzima.

Linganisha na mashine iliyokaa mikononi mwa mtu mwaka mzima. Kuna Samba, programu ya kugawa folda, kwenye poti 445 kwa sababu aliwahi kumgawia kaka yake folda. Kuna SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kwenye 22 aliyoiweka akifuata maelekezo fulani, na sababu ameshaisahau. Kuna KDE Connect ya kuunganisha simu, kuna Transmission ya torenti kwenye 51413, na kuna `python3 -m http.server` aliyoiwasha ili ahamishe video ya harusi kwenda kwenye simu ya shangazi. Hii ya mwisho, usipoiambia vinginevyo, inasikiliza kila anwani kwenye poti 8000 na kumwonyesha yeyote folda uliyokuwamo. Video imeshafika zamani, dirisha bado liko wazi nyuma ya kivinjari.

Kama orodha yako inafanana na ya kwanza, unayo nafasi ya kuchagua kwa raha. Kama inafanana na ya pili, endelea kusoma kwa makini zaidi kidogo.

Vigezo

Njia nne nitazipima kwa maswali manne yaleyale: inazuia nini, inataka kazi gani, inakwamisha nini, na laptopu ikitoka nyumbani inakuwaje. Kisha nitasema inamfaa nani. Kuna jambo sikuliweka kwenye vigezo kwa makusudi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayokukinga na kiungo cha utapeli kilichokuja WhatsApp, kiongezi kibaya cha kivinjari, au amri uliyoinakili mahali ukaibandika na sudo mbele. Hayo unayakaribisha mwenyewe kutoka ndani, na pakiti zake zinaonekana halali kabisa.

Njia ya kwanza: kuiachia ruta

*Inazuia nini.* Vifaa vyako vyote vinatoka nje kwa anwani moja ya ruta, na ruta inakumbuka nani aliomba nini. Pakiti inayotoka intaneti bila kuombwa haina mwenyewe kwenye kumbukumbu hiyo, inatupwa. Anwani za ndani, zile za 192.168 na 10., hazifikiki kutoka nje moja kwa moja. Mara nyingine kuna tabaka la pili upande wa kampuni ya mtandao: ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 10., au iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni nayo imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu wa mbali ana kazi kubwa zaidi ya kukufikia.

Mianya ipo. Ruta yenye UPnP iliyowashwa inaruhusu programu yoyote ya ndani iombe poti ifunguliwe bila kukuuliza. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kila kifaa kinaweza kupata anwani yake ya hadharani, na hapo kinachokukinga ni kanuni za ruta zenyewe, ambazo zipo kwenye ruta nyingi lakini si zote. Ruta yenyewe pia inaweza kutekwa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilijikusanyia jeshi la kamera na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Lakini mwanya mkubwa kwa mtu wa Tanga ni mwingine: ruta haisimami kati ya vifaa vilivyo ndani. Ni kama mlango mkubwa wa nyumba ya wapangaji. Usiku unafungwa na mwizi wa nje hapiti, lakini kila mpangaji bado ana kufuli la chumba chake, na hilo halikuwekwa kwa ajili ya mwizi wa nje. Wala jirani yako si lazima awe na nia mbaya. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilikuwa ikiruka yenyewe kutoka Windows moja hadi nyingine kupitia poti 445, wenye mashine wakiwa hawana habari. Mwezi huohuo ukatangazwa udhaifu kwenye Samba ya Linux, CVE-2017-7494, uliokuwepo tangu toleo la 3.5.0. Laptopu ya mpangaji mwenzio ikipata ugonjwa wa aina hiyo, kwake mashine yako ni anwani nyingine tu ya kujaribu.

*Kazi.* Kwenye kompyuta, hakuna. Ila ukweli ni kwamba kazi imehama, haikuisha. Ukichagua njia hii umekubali kuipitia orodha ya `ss` kila unapoongeza programu, kusasisha mfumo bila uvivu, kubadilisha nywila ya ukurasa wa ruta na kuzima UPnP usipoihitaji.

Na hapa ndipo mfano wa Septemba 2024 unaingia. Mtafiti wa usalama Simone Margaritelli alitangaza udhaifu kwenye mfumo wa kuchapa. Programu ndogo iitwayo cups-browsed ilikuwa ikisikiliza poti 631 ya UDP (namna moja ya kutuma data; nyingine ni TCP) kwenye kila anwani, na pakiti moja kutoka kwa mtu asiyejulikana ilitosha kuifanya iongeze printa ya bandia. Mwenye mashine akichapa kwa printa hiyo, amri za mshambuliaji zinatekelezwa. Programu hii ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta nyingi za mezani bila wenyewe kuiwasha. Ruta ilizuia pakiti za kutoka intaneti, sawa. Za kutoka chumba cha pili haikuzizuia.

*Inakwamisha nini.* Hakuna kitu. Printa inaonekana, simu inaunganika, michezo inacheza. Usiidharau sifa hii. Faiwoli nyingi huzimwa siku printa inapogoma, na hazirudi tena.

*Ikitoka nyumbani.* Ulinzi unabaki ukutani, laptopu inaondoka. Kwenye waifai ya gesti au ya mgahawa uko na watu usiowajua na hakuna chochote kati yenu.

*Inamfaa* mwenye kompyuta ya mezani isiyohama, mtandao anaoutawala yeye, na orodha fupi. Kwa huyo, kuongeza faiwoli kunabadilisha kidogo sana, na anayemwambia kwamba yuko hatarini anamtisha bure.

Njia ya pili: ufw, au Gufw kwa wapenda vibonyezo

*Inazuia nini.* Ukiandika `sudo ufw enable`, kila kinachoingia bila kuombwa kinakataliwa, kila kinachotoka kinaruhusiwa, na majibu ya ulichoomba mwenyewe yanapita. IPv6 imo. Ukizima mashine na kuiwasha, kanuni zinarudi zenyewe. Ile poti 8000 ya video ya harusi sasa iko wazi kwako tu. Pakiti ya mkasa ule wa 2024 ingeikuta poti 631 imefungwa.

*Kazi.* Dakika chache siku ya kwanza. ufw ilianza na Ubuntu 8.04 mwaka 2008 kwa lengo la kumpunguzia mtu adha ya iptables, na amri zake zinasomeka karibu kama maneno ya kawaida. Hali yake unaiona kwa `sudo ufw status verbose`. Asiyependa kuandika atumie Gufw: swichi moja, na orodha ya kanuni chini yake.

*Inakwamisha nini.* Pungufu kuliko watu wanavyoogopa. Kanuni za msingi za ufw zinaruhusu ping, ule ujumbe wa kuuliza kama mashine ipo, na zile pakiti za kutafutia vifaa kupitia Avahi, kwa hiyo printa ya mtandao kwa kawaida inaendelea kuonekana. Kitakachokatika mapema ni KDE Connect, ambayo inataka hivi:

`sudo ufw allow 1714:1764/tcp`
`sudo ufw allow 1714:1764/udp`

Samba nayo itakatika mpaka uiruhusu. Anayeingia kwenye mashine hiyo kwa SSH kutoka mbali aruhusu poti 22 kabla ya kuwasha ufw, la sivyo atajifungia nje.

Waandishi wa programu wana tatizo lao pekee, nalo linashangaza kila anayekutana nalo mara ya kwanza: Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, inapita pembeni ya ufw. Ukiwasha kontena kwa `-p 8080:80`, Docker inaweka kanuni zake zinazopeleka pakiti kwa njia nyingine ambako ufw haikai, na poti hiyo inaonekana kwa mtandao wote huku ufw ikikuambia kila kitu kimefungwa. Dawa ni kuandika `-p 127.0.0.1:8080:80`. Bila hivyo umewasha ufw na umebaki na imani tu.

*Ikitoka nyumbani.* Inakwenda nawe, ndilo pato kubwa. Kuna mtego mmoja tu. Watu wengi, wakitaka kuruhusu vifaa vya nyumbani pekee, huandika kanuni ya kuruhusu 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1. Wazo zuri, isipokuwa kundi hilohilo la anwani ndilo linalotumiwa na ruta nyingi duniani. Ukikaa kwenye mgahawa wenye ruta ya aina hiyo, ufw inawaona wateja wote kuwa ni watu wa nyumbani kwako. Yenyewe haijui uko mtandao gani, inajua anwani tu.

*Inamfaa* anayeshiriki waifai na wengine, na mwenye laptopu asiyehitaji kufungua poti yoyote. Hasa huyo wa pili: ufw isiyo na kanuni ya ziada hata moja haina cha kukosewa.

Njia ya tatu: firewalld

*Inazuia nini.* Inategemea kanda. firewalld inagawa mitandao kwa kanda, kama home, public, na drop, na kila kanda ina orodha yake ya kinachoruhusiwa. Hapa watu wa Fedora wasikilize. Fedora Workstation inakuja ikiwa imewashwa, ila kanda yake ya kawaida inaruhusu poti zote kuanzia 1025 hadi 65535, TCP na UDP. Wenyewe walitaka programu za kawaida zifanye kazi bila kumsumbua mtumiaji, na kweli KDE Connect inapita bila neno. Inapita pia ile poti 8000. Kwa hiyo mtu wa Fedora anayesema "mimi faiwoli yangu imewashwa" na mtu wa Ubuntu aliyewasha ufw hawana kitu kimoja. Sioni kama Fedora walikosea, walichagua upande wa wepesi; kilichobaki ni wewe kulijua hilo. Anayetaka kubana zaidi aandike:

`sudo firewall-cmd --set-default-zone=public`

Na ajue kwamba public nayo kwa kawaida inaacha SSH wazi. Kama huendeshi SSH, haina madhara.

*Kazi.* Zaidi ya ufw. Lazima uelewe kanda, na uelewe kwamba kanuni uliyoiweka bila `--permanent` inatoweka mashine ikizimwa. Ukiiweka na `--permanent`, haianzi kazi mpaka useme `--reload`. Tabia hiyo ina faida kwa anayejaribu vitu, inachosha kwa anayetaka amri moja amalize.

*Inakwamisha nini.* Kwenye kanda ya Fedora, karibu hakuna. Kwenye public, yaleyale ya ufw, na Docker ni hivyohivyo, inajiwekea kanda yake na kupita.

*Ikitoka nyumbani.* Hapa ndipo inapostahili jina lake. Kanda inafungwa kwenye muunganisho wenyewe:

`nmcli connection modify "WaifaiYaNyumbani" connection.zone home`

Ukiwa nyumbani kwako Chumbageni, Samba na printa ulizoziruhusu kwenye kanda ya home zinapita. Ukipanda basi Kange ukafikia kwenye gesti mahali pengine, muunganisho huo mpya unaangukia kanda yako ya kawaida, na ikiwa ni public, vyote hivyo vinafungwa bila wewe kugusa kitu. Ule mtego wa 192.168.1 hauko hapa, kwa sababu kinachotazamwa si kundi la anwani.

*Inamfaa* mwenye laptopu inayotembea na ambaye ana kitu cha kugawa akiwa nyumbani. Mtu wa Ubuntu anaweza kuiweka pia, ila azime ufw kwanza. Mbili kwa pamoja zinapigana, na ukitafuta nani kafunga poti utakesha.

Njia ya nne: OpenSnitch, inayoangalia mlango wa kutokea

*Inazuia nini.* Hii inajibu swali jingine. Zile tatu zinauliza nani anataka kuingia. Hii inauliza programu gani inataka kutoka, kwenda wapi. Programu ikijaribu kuunganika mara ya kwanza, kidirisha kinatokea: ruhusu au kataa, mara moja au daima. Aliyeianzisha ni huyohuyo Margaritelli wa mkasa wa CUPS, akifuata mfano wa Little Snitch ya kompyuta za Mac. Imo kwenye hazina za Debian tangu toleo la 12. Usitegemee kwamba itakufungia vinavyoingia. Kwa hilo bado unahitaji mojawapo ya njia zilizotangulia. Na programu hasidi iliyokwisha kupata ruhusa za root, yaani za msimamizi, inaweza kuizima, kwa hiyo isichukuliwe kama ngao ya mwisho.

*Kazi.* Nyingi, hasa wiki ya kwanza. Utaulizwa kuhusu programu ambazo hukuwahi kujua zipo, na jibu sahihi mara nyingi ni "ruhusu".

*Inakwamisha nini.* Chochote utakachokikataa kwa hasira. Hatari halisi ni kukataa masasisho ya usalama kwa sababu yalikula bando. Na ukiiweka kwenye kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na watu wote, utakuta kila mtu anabonyeza "ruhusu daima" ili aendelee na shughuli zake, na hapo kimebaki kidirisha cha usumbufu tu.

*Ikitoka nyumbani.* Haibadiliki popote.

*Inamfaa* mdadisi, mtu wa faragha, na anayetaka kujua bando linakwenda wapi. Ila kama shida yako ni bando peke yake, kuna njia fupi zaidi. Kwenye mipangilio ya waifai ya GNOME (mazingira ya mezani ya Ubuntu na Fedora Workstation), uambie mfumo kwamba muunganisho huo una kikomo cha data, na duka la programu litaacha kupakua lenyewe. Kwenye Ubuntu ongeza `sudo snap set system refresh.metered=hold` ili na snap, programu zake zinazojisasisha zenyewe, zisubiri. Hapo hukuhitaji faiwoli.

Kwa hali yako

Una kompyuta ya mezani, ruta ni yako, nywila wanaijua watu wa nyumbani, na `ss` imeonyesha vitu vichache. Baki na njia ya kwanza. Zima cups-browsed kama huna printa ya mtandao, kwa `sudo systemctl disable --now cups-browsed`, badilisha nywila ya ukurasa wa ruta, na usasishe mfumo. Ukiwasha ufw juu yake hujaharibu kitu, ni mapenzi yako.

Unaishi nyumba ya wapangaji, au nyumba yako haikosi wageni. Tanga ni ile ya waja leo waondoka leo, na kila mgeni kabla ya kuondoka alishaomba waifai. ufw, bila kufungua poti yoyote. Ukitaka kugawa faili, ruhusu, tuma, kisha futa kanuni. Kama ruta ina mtandao wa wageni, waweke huko hata kama faiwoli imewashwa.

Unatumia hotspoti ya simu. Kama ni laptopu yako peke yake kwenye simu yako, hali yako iko karibu na ya kwanza. Ndugu na marafiki wakianza kujiunga, uko na wapangaji. Mwenye modemu ya USB aandike `ip addr` atazame: akikuta ina anwani ya 192.168, modemu inajifanya ruta ndogo. Akikuta anwani nyingine aliyopewa na kampuni ya simu moja kwa moja, hakuna kinachosimama kati yake na mtandao wa kampuni, na kwake ufw ni ya lazima kwa maoni yangu.

Laptopu inakwenda chuoni, ofisini na safarini. Kama huna cha kugawa popote, ufw tupu inatosha. Kama nyumbani unagawa folda au printa, jipe taabu ya kujifunza firewalld. Aliye kwenye Fedora tayari anayo, abadilishe kanda tu.

Unaandika programu na Docker ndiyo mkate wako. Chagua yoyote, lakini tabia ya kuandika 127.0.0.1 kwenye kila poti itakusaidia kuliko zote nne.

Unaitunzia kompyuta wazazi walioko Muheza au Pangani. Gufw iwashwe, isiguswe, na OpenSnitch usiwapelekee kabisa. Siku printa ikigoma watakupigia simu, na ni rahisi kumwambia mzee ageuze swichi moja kuliko kumsomea kanda kwa simu.

Una steshenari ndogo nyumbani, kompyuta ya Linux inachapa, na wateja wanatumia waifai yako kukutumia kazi zao. Hapo nyumbani pamegeuka ofisi. Tenga mtandao wa wateja kwenye ruta kwanza, kisha ufw, na Samba isifunguliwe kwa ajili yao. Wakutumie kwa barua pepe au WhatsApp.

Ukishachagua, pima kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye waifai hiyohiyo. Weka nmap, programu ya kukagua poti, kisha andika `nmap -p- 192.168.1.20`, ukibadilisha anwani iwe ya mashine yako. Itapita poti zote 65,535 za TCP, inaweza kuchukua muda. Ifanye mara moja kabla ya kuwasha faiwoli na mara moja baada ya kuwasha, kwa sababu orodha ya pili ndiyo ambayo wapangaji wenzio wanaiona.